Chapati za Vicenta

NAZARIA: Haloo. (Kimya.) Haloo? Nakusikia unapumua. Leo ni mara ya nne. Taja jina lako au nakata.

OTILIA: Ukate nini, na salio nimeweka mimi?

NAZARIA: Nani wewe?

OTILIA: Mimi huyu! Otilia Caal, dada wa baba yako, niliyekufuta kamasi mpaka ukaenda shule. Nimepanda jiwe la kanisani kutafuta mtandao, nahema kama bata mzinga aliyesikia sikukuu inakuja, nawe unaniambia napumua. Nisipumue?

NAZARIA: Shangazi! Shikamoo. Nisamehe, namba siijui—

OTILIA: Marahaba. Ni laini mpya. Ile simu nyingine ilizama jana kwenye sufuria la kakao. Watu wameinywa hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika. Na hao wengine wanaokupumulia ni akina nani?

NAZARIA: Sijui. Wanapiga, hawasemi. Achana nao. Niambie ya jana. Tangu asubuhi nimekaa roho juu. Filamu ilionekana?

OTILIA: Ilionekana? We! Nikuanzie wapi?

NAZARIA: Popote, lakini haraka, betri yako—

OTILIA: Betri ina vijiti viwili, inatosha. Basi, misa ilipokwisha tu, ghala la hiliki likafurika. Watu juu ya magunia, watu juu ya mizani, wa ng'ambo ya mto wamevuka daraja la kamba na watoto mgongoni. Madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, ikawa giza mchana kweupe. Na ile mashine yako ya kumulika tukailisha kwanza.

NAZARIA: Mkaifanya nini?

OTILIA: Tukailisha! Sasa kitu kigeni kitafanyaje kazi Sechaj bila kulishwa? Nyumba mpya tunailisha, jiwe la kusagia tunalilisha, itakuwa mashine? Mzee Crisanto alinyunyiza kakao pembe nne za shuka tulilotundika, akafukiza ubani, kisha tone moja la supu juu ya—

NAZARIA: Shangazi, mashine ni ya kuazima!

OTILIA: Tone moja! Mbona haikukohoa? Ikawaka kwa betri ya trekta, nyaya za bwawa zinavuma juu ya bati, zinapeleka umeme kwenu mjini, na sisi chini tunaangalia mto wetu wenyewe kwa betri ya trekta. Watu walicheka kwa hilo, nakwambia. Wakacheka, halafu wakaacha.

NAZARIA: (Taratibu.) Na baba alipotokea?

OTILIA: (Mkwaruzo wa mtandao.) Alipotokea… Ile ameingia mtoni, amekunja suruali, anawaonyesha wanakamati wetu mahali kampuni ya bwawa ilipogeuza maji. Anacheka. Mwanangu! Miezi saba hatujamwona, halafu anatuchekea pale kwenye shuka. Mimi nikajisahau. Nikampigia kelele, "Abelino, toka, utalowa!"

NAZARIA: Shangazi…

OTILIA: Basi, yamepita. Umefanya kazi. Nilikuwa nakucheka na lile neno lako, "Shangazi, sema unachokiona, sema unachokiona," kama vile kipofu ni wewe. Lakini jana nilimwona mama mmoja wa ng'ambo analia, anasema, sasa hata jaji ataona. Nikasema, yule mwenye kamera ni mtoto wangu yule.

NAZARIA: Maneno hubaki hata picha ikiharibika. Ndiyo maana nasema, sema. Na sehemu ya shahidi? Waliipokeaje?

OTILIA: (Anacheka.) Hapo sasa!

NAZARIA: Hapo nini? Unacheka nini?

OTILIA: Si mimi, ni ghala zima! Watu walicheka mpaka mzee Crisanto akaangusha kofia.

NAZARIA: Shangazi, pale mwanamke anaeleza alivyomwona baba akiingizwa garini. Watu walichekaje?

OTILIA: Hawakuyacheka maneno. Maneno yaliwachoma, ile ya watu watatu, ile ya mwenye kovu kidevuni kama ndoana… hayo yaliwachoma. Lakini kwanza, hiyo sauti uliyoweka! Kama mwanamke anayeuza sabuni redioni!

NAZARIA: Ni ya mwigizaji. Nilimwahidi yule shahidi. Sauti si yake, uso haupo, sikuonyesha hata ukucha. Ni moto tu na moshi wa jikoni. Nani angejua?

OTILIA: Na nyuma ya sauti, je?

NAZARIA: Nyuma kuna nini? Hakuna kitu.

OTILIA: Nyuma kuna mtu anapiga chapati, mwanangu! Donge la mahindi linakwenda kiganja hiki, kiganja hiki. Pa-pa… tu. Pa-pa… tu. Ile "tu" ni mkono wake wa kushoto, ule ulioumwa na mashine ya kumenya kahawa, vidole haviungani, ndiyo maana inalia nzito kama unapiga boga. Sechaj nzima nani hajui mlio huo? Kila mwanamke na wake, kama jogoo. Wangu mwepesi, wa marehemu bibi yako ulikuwa kama mvua inaanza, na huo wa jana hata mbwa wanaujua, wakiusikia wanajipanga mlangoni kwa Vi—

NAZARIA: Usitaje jina!

OTILIA: Jina gani? La Vicenta?

NAZARIA: Shangazi!

OTILIA: Sasa hapa nani ananisikia? Kuku?

NAZARIA: Nilidhani ni muziki.

OTILIA: Unasemaje? Mtandao unakwaruza.

NAZARIA: Wiki tatu nilikaa na ile sauti masikioni, usiku na mchana. Nikaona ni nzuri. Nikaipandisha juu kidogo ili isikike.

OTILIA: Ndiyo, ilisikika. Uliondoka hapa una miaka tisa, ukalelewa na masista. Ungejuaje? Ninyi wa mjini mnanunua chapati kwenye karatasi.

NAZARIA: Nani aliyesema kwanza kwamba ni yeye?

OTILIA: Watu tu.

NAZARIA: Watu gani?

OTILIA: Watu… Ghala lilikuwa na giza, Nazaria.

NAZARIA: Shangazi, wewe ukimwiga yule mama harusini watu wanagaragara chini. Nimekuwa nikiona tangu utoto.

OTILIA: (Bata mzinga analia mbali.) Nilisimama kidogo.

NAZARIA: Ukasimama.

OTILIA: Watu walikuwa wanalia, mwanangu. Baba yako ametoka kutuchekea pale, halafu nasikia pa-pa… tu. Nikasema niwape pumzi kidogo. Nikasimama kwenye mwanga, nikapiga vile anavyopiga yeye, na shingo nikaiinamisha hivi kama yeye. Hata jaji angecheka.

NAZARIA: Na yeye mwenyewe alikuwepo?

OTILIA: Alikuwepo nyuma, karibu na mizani. Hakucheka. Akajifunika shali akatoka. Mimi nikajua ni kununa tu. Miaka thelathini tunanuniana, mimi na yeye. Tangu alipomkataa baba yako kwa sababu ya ukubwa wa miguu.

NAZARIA: Sikiliza. Kulikuwa na mgeni? Mtu msiyemjua?

OTILIA: Wageni walikuwa wengi, ni sikukuu—

NAZARIA: Mtu ambaye si wa ng'ambo, si wa kamati, hana mke hapo, hana shamba.

OTILIA: Kulikuwa na bwana mmoja. Mstaarabu. Kofia nyeupe, viatu safi. Alinunua soda za watoto wote, yeye mwenyewe akanywa ya chungwa. Anasema ni mnunuzi wa hiliki.

NAZARIA: Aliikagua hiliki?

OTILIA: Hapana. Sasa unavyosema… alikuwa amekaa juu ya gunia, wala hakufungua mkono kunusa.

NAZARIA: Alicheka, ulipoiga?

OTILIA: Wa mwisho. Wote tumeshanyamaza, ndipo yeye akacheka.

NAZARIA: Yuko wapi sasa?

OTILIA: Nitajuaje? Alilala kwa… Hakulala hapa. Lakini—

NAZARIA: Lakini nini?

OTILIA: Kuna gari njia panda. Jeupe. Liko pale tangu nateka maji alfajiri. Vioo vyeusi. Nikajua limekwama, matope yalivyo. Nikataka hata kuwapelekea kahawa.

NAZARIA: Linaunguruma?

OTILIA: Limezimwa. Limegeuzwa kichwa kuelekea kwetu. Kioo kimoja kimeteremshwa, mkono uko nje unavuta sigara.

NAZARIA: Waone kamati. Piga kengele ya kanisa, watu waje.

OTILIA: Watu gani? Leo Jumatatu, wote wako kwenye hiliki mlimani, mvua ikiwakuta haijachumwa inaoza. Mimi nimebaki kuosha masufuria, na wagonjwa wawili, na Vicenta. Kengele waisikie, washuke, ni saa nzima. Na kamba yake ilikatika Pasaka.

NAZARIA: Niite askari kutoka huku?

OTILIA: Askari, mwanangu?

NAZARIA: …Ndiyo. Basi. Sahau.

OTILIA: Eti askari.

NAZARIA: Shangazi, Ijumaa jaji atamsikiliza huyo mama nyuma ya pazia. Amekubali kwa sababu aliiona filamu. Filamu peke yake haimfungi mtu, anataka aliyeona kwa macho yake. Hakuna mwingine. Akipotea yeye, baba naye amepotea mara ya pili. Unanielewa? Nenda ukamtoe sasa hivi. Lakini kwanza niambie, yule wa kofia aliwahi kuuliza nyumba yake?

OTILIA: Mtandao unakatika—

NAZARIA: Haukatiki. Nakusikia kama uko chumbani. Aliuliza?

OTILIA: Aliuliza.

NAZARIA: Alimuuliza nani?

OTILIA: Aliniuliza mimi! Haya! Mimi! Nakusanya vikombe mle gizani, ananiambia, "Mama umetuchekesha sana, huyo mpishi anakaa wapi, nina shughuli nataka kumwagiza chapati mia mbili." Chapati mia mbili, Nazaria! Nikafikiri, maskini Vicenta, nimetoka kumcheka, angalau nimpatie kazi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nyumba ya bati jekundu, ya mwisho kabla ya mto.

(Mkwaruzo. Mtu anapumua.)

OTILIA: Upo?

NAZARIA: Nipo.

OTILIA: Sema neno, basi. Nitukane.

NAZARIA: Sina muda wa kukutukana. Unaiona nyumba ulipo?

OTILIA: Naiona. Moshi unatoka. Saa hizi anaanza za mchana. Na wao pale njia panda wanaona bati lakini mlango hawauoni, umefunikwa na migomba.

NAZARIA: Wakishuka kwa miguu?

OTILIA: Dakika kumi kwa viatu vile safi. Nazaria, nikiteremka hapa mtandao utapotea.

NAZARIA: Wewe si ndiye husema mtandao ni mzuri jikoni kwake kuliko kanisani?

OTILIA: Kweli! Dirishani kwake, karibu na jiwe la kusagia. Na alivyo mchoyo hamwaliki mtu. Haya, naruka. Usikate.

NAZARIA: Pita nyuma. Usikimbie. Chukua sufuria mkononi.

OTILIA: Sufuria ninalo, unadhani mwanamke hutembea mikono mitupu? (Hatua kwenye matope. Nguruwe analia.) Toka wewe! … Napita nyuma ya zizi. (Sauti inakatika.) …mkono umeingia ndani … kioo … mlango wa gari…

NAZARIA: Shangazi? Mlango wa gari umefanya nini? Shangazi!

(Mkwaruzo mrefu. Kisha, mbali, kisha karibu: pa-pa… tu. Pa-pa… tu.)

OTILIA: Unamsikia?

NAZARIA: Namsikia.

OTILIA: (Mbali na simu.) Vicenta! Ni mimi. … Najua hutaki kuniona, utaninunia kesho. … Usiache! Endelea kupiga. Piga hivyo hivyo na masikio unipe mimi. Wale wa jana wamekuja. Yule wa soda. … Usichungulie, shoga yangu, tafadhali, usichungulie. … Ndiyo. Ni mimi niliyemwonyesha. Ni mimi. Nipige na hicho kibao baadaye, sasa vaa viatu.

NAZARIA: Mwambie apite kwenye hiliki—

OTILIA: Anajua njia kuliko wewe. … Nini? … Nguruwe wako nitamlisha mimi! … Na kuku. Na kuku pia! Mama Bikira, mtu anakimbiza roho yake anahesabu kuku! … Atapita kwenye hiliki, daraja la kamba, mpaka kwa masista wa ng'ambo. Saa mbili kwa mguu wake.

NAZARIA: Mwambie anisamehe. Mwambie nilidhani—

OTILIA: Nazaria anaomba umsamehe. … Anasema utamwomba uso kwa uso. … Anauliza, Ijumaa bado ipo?

NAZARIA: Mwambie ipo.

OTILIA: Ipo, anasema. … Nipe hilo donge. Nipe, nenda. Usiage, tangu lini tunaagana? … Shali! Chukua shali yako, hiyo nyekundu iache, vaa yangu. Nenda.

(Mlango. Kuni zinapasuka motoni.)

NAZARIA: Ameondoka?

OTILIA: Ameingia kwenye hiliki. Majani yametikisika. Yametulia.

NAZARIA: Basi na wewe toka. Rudi kanisani kwa njia ile ile.

OTILIA: Ni kimya sana humu.

NAZARIA: Toka, shangazi.

OTILIA: Nje nako ni kimya. Wale walikuwa wanausikia mlio, mwanangu. Upepo unakwenda kwao. Tangu alfajiri wanamsikiliza kama redio, ndiyo maana hawana haraka. Sasa umekatika. Mtu akiacha kupiga katikati ya chapati za mchana, hata mimi ningekuja kuangalia kuna nini.

NAZARIA: Usifanye hivyo unavyotaka kufanya.

OTILIA: Nataka kufanya nini? Nataka kupiga chapati. (Pa-pa. Pa-pa.) Hapana, huo ni wangu. Ngoja niikunje mikono. (Pa-pa… tu.) Ee! Umesikia?

NAZARIA: Shangazi, nakuomba.

OTILIA: (Pa-pa… tu.) Jana nilikosea kidogo, niliharakisha. Leo ni yenyewe. Nitapiga kumi tu, afike darajani, kisha natokea kwa nguruwe. Wao hawajui sura ya Vicenta, wewe mwenyewe umeificha, na mimi yule wa kofia aliniona kivuli tu gizani, tena shali yake naivaa. Wanajua bati na mlio. (Pa-pa… tu.) Unga wake mzito, lakini. Nimekuwa nikisema.

NAZARIA: Unaona nje?

OTILIA: Naona migomba na kipande cha njia. (Simu inatoa mlio mdogo.) Hiyo ni betri. Kijiti kimoja.

NAZARIA: Narekodi.

OTILIA: Tangu lini?

NAZARIA: Tangu ulipotaja kofia nyeupe.

OTILIA: (Pa-pa… tu. Pa-pa… tu.) Umenichukua nikisema la bati jekundu?

NAZARIA: …Ndiyo.

OTILIA: Usilikate. Wewe una tabia ya kukata maneno ya watu, nilitamka maneno mengi mazuri kuhusu kaka yangu, jana nikaona umebakiza mawili. Lakini hilo liache lote, jinsi lilivyo. Unasikia?

NAZARIA: Nitaliacha. Ya ngapi sasa?

OTILIA: Ya sita. (Pa-pa… tu.) Atakuwa amefika kwenye mwamba mkubwa. Ya saba. Nazaria.

NAZARIA: Naam.

OTILIA: Ndege wa njiani wamenyamaza.

NAZARIA: Toka! Acha simu, toka kwa nyuma!

OTILIA: Nyuma kuna mtu tayari. Naona mguu chini ya ukuta wa mbao, kiatu cheusi. (Kwa sauti ya chini.) Daraja bado hajafika. Nikisema si mimi, watauliza yuko wapi, na nyayo zake ziko hapo kwenye matope. Naiweka simu nyuma ya jiwe la kusagia. Usiseme neno tena. Hata ukisikia nini. Umenielewa, mwanangu? Usipumue.

NAZARIA: …

(Pa-pa… tu. Pa-pa… tu. Mbao zinagongwa.)

OTILIA: (Kwa sauti ya juu, ya ukarimu.) Karibuni, mlango hauna komeo! Piteni, piteni, angalieni kichwa. Oo, ni bwana wa kofia nyeupe, yule wa soda ya chungwa jana ghalani! Na leo umekuja na wenzako. Mmoja… na huyo wa pili mnene wa koti la mvua la kijani, mbona unabaki mlangoni? Watatu kamili. Na wewe bwana… wewe… (Pa-pa… tu.) Kovu hilo la kidevuni, pole, limekaa kama ndoana. Ulianguka?

(Sauti ya mwanamume, haisikiki vizuri.)

OTILIA: Gari mmeliacha juu? Lile jeupe, Jumatatu hii, halina namba mbele? Mmefanya vizuri, matope haya yangelimeza. Mtanisamehe nasema sana, nina mtoto alinifundisha, anasema unachokiona kiseme. (Pa-pa… tu.) Kaeni basi, chapati zinaiva.

(Sauti ya mwanamume. Neno moja linasikika: "Vicenta.")

(Moto unalia.)

OTILIA: Vicenta Tiul? Ndiyo. Ni mimi. Kwani hamuusikii mkono?

(Kiti kinasukumwa.)

OTILIA: Nakuja, nakuja, hakuna haja ya kunishika. Nimalizie donge hili. Mwanamke haachi donge mkononi, ni mkosi. Moja tu. Hiyo ni ya tisa, nilisema kumi. Ninyi nanyi mmezaliwa na mama.

(Simu inatoa mlio mdogo.)

(Pa-pa…)

(Laini imekatika.)

NAZARIA: Shangazi?

NAZARIA: Shangazi Otilia!

(Kitufe kinabonyezwa.)

NAZARIA: Jumatatu. Saa tano na dakika hamsini na mbili asubuhi. Naitwa Nazaria Caal, binti wa Abelino Caal wa Sechaj. Ninachokiona ni meza, na simu, na mkono wangu. Nilichokisikia nitakisema chote, sitakata neno. Shahidi wa Ijumaa yuko njiani. Shangazi yangu alisema atapiga kumi. Ya kumi alipiga mara mbili. Pigo la tatu sikulisikia.